Kupiga Nyuma ya Adui: Khabari za Motokaa za Deraya katika Vita vya Afrika ya Mashariki

Leo nataka kuwasimulia khabari ya namna moja ya vita. Si vita vya majeshi mawili kukabiliana uso kwa uso na kupigana hatta mmoja ashindwe. Ni vita vya kumwendea adui asikokutazamia, kumpiga pale anapodhani yu salama, kisha kurudi kabla hajakusanya watu wake. Na khususan nitaeleza jinsi kazi hiyo ilivyofanywa kwa motokaa zilizovikwa chuma, ndizo ziitwazo motokaa za deraya, na kwa vifaru.

Huenda mtu akauliza, sisi watu wa Unguja, tuliozungukwa na bahari pande zote, tuna nini na motokaa za vita za jangwani? Jawabu ni kwamba pigo la namna hii tulilionja sisi wenyewe, tena mlangoni mwetu, ingawa halikuja kwa magurudumu. Na mwenye kulifahamu lile lililotokea bandarini petu hatashindwa kuyafahamu yaliyotokea bara. Basi na tuanzie nyumbani.

Jumapili tarehe 20 Septemba, 1914, wakati wa alfajiri, watu wa Mji Mkongwe walishtuliwa na mshindo wa mizinga. Manowari ya Kiingereza, jina lake Pegasus, ilikuwa imetia nanga bandarini, na mitambo yake ilikuwa imefunguliwa ili itengenezwe, hatta haikuweza kuondoka. Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilikuwa imejificha katika midomo ya mto Rufiji. Ikatoka usiku, ikafika mbele ya Unguja kabla ya jua kupanda, ikasimama mbali, mahali ambapo makombora yake yaliweza kuifikia Pegasus, lakini makombora ya Pegasus hayakuweza kuifikia yenyewe. Katika muda mfupi mambo yalikwisha. Watu 38 wa Pegasus walikufa, na wengine wengi wakajeruhiwa, na meli yenyewe ikazama siku ile ile. Baadhi ya waliokufa wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, ambacho mtu akisimama pwani ya mji hukiona kwa macho yake.

Lakini khabari haikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo yenye mafunzo. Nahodha wa Königsberg alikuwa amenuia kurudi kwao Ulaya. Alipokuwa akitoka Unguja, mtambo mmoja wa meli yake uliharibika, ikamlazimu arudi tena Rufiji, na vyombo vilivyovunjika vikachukuliwa Dar es Salaam kwa nchi kavu vikatengenezwe. Katika siku zile za kungoja, manowari za Kiingereza zikaja zikaziba midomo ya mto. Königsberg haikutoka tena baharini. Ikaharibiwa mle mle mtoni tarehe 11 Julai, 1915. Wazee wetu wa baharini walisema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Meli ile ilijua kuja, ikajua na kupiga, ila njia ya kurudi iliikosa.

Basi kwa mfano huo tumekwisha kupata kanuni ya jambo lenyewe. Shambulio la namna hii lina mambo matatu: kuingia, kupiga na kurudi. Kuingia kwataka siri na upelelezi. Kupiga kwataka nguvu na haraka. Kurudi kwataka akiba: mafuta, maji, vyombo vya kutengenezea, na njia isiyozibwa. Majemadari wengi wamejua mawili ya kwanza wakasahau la tatu.

Sasa na tuvuke bahari twende bara. Katika vita ile ile ya 1914, Wajerumani wa Tanganyika walikuwa na askari wachache kuliko adui zao. Lakini waliitazama reli itokayo Mombasa kwenda Ziwa la Victoria, wakaona kuwa ndiyo mshipa wa damu wa Waingereza. Wakapeleka vikosi vidogo vidogo vya watu wachache, waliotoka upande wa Kilimanjaro wakapita katika nyika isiyo na maji, wakienda kwa miguu na kuchukua baruti na vibuyu vya maji. Walipofika relini wakatega baruti chini ya vyuma, wakarudi porini. Treni nyingi ziliangushwa. Waingereza wakaweka mabehewa mbele ya injini, ili baruti ipasuke chini ya mabehewa na injini isalimike. Wajerumani nao wakabuni hila ya kuifanya baruti ingoje kwanza mabehewa yapite. Wengine katika wale waliotumwa hawakurudi, kwa kuwa kiu iliwaua kabla ya risasi.

Hapo hapakuwa na deraya hatta moja, ila yalikuwa ni mashambulio ya nyuma ya adui yaliyo kamili. Watu wachache waliokuwa tayari kutembea usiku waliwalazimisha maelfu ya askari kukaa wakilinda reli, wasiweze kwenda kupigana kwingine. Faida ya shambulio la nyuma aghlabu haipimwi kwa vitu vilivyoharibiwa, bali kwa idadi ya watu ambao adui hulazimika kuwaweka walinzi.

Motokaa za deraya ziliingia katika vita vya nchi zetu mnamo 1915 na 1916. Nyingi zilikuwa za Rolls-Royce. Ilikuwa ni motokaa ya kawaida kwa mtambo wake, lakini mwili wake umefunikwa bamba za chuma, na juu yake pana kijumba cha chuma kinachozunguka, na ndani ya kijumba mna bunduki ya mtombo, ambayo askari wetu waliiita bombomu. Uzito wake ulikuwa yapata tani 4. Katika njia kavu ilikwenda mbio kuliko farasi yeyote, na risasi za bunduki hazikuiumiza. Kifaru ni kitu kingine. Hakina magurudumu ya mpira, bali hutambaa juu ya mnyororo wa chuma, kwa hiyo hupita mashimoni na juu ya seng'enge. Watu walikipa jina la mnyama yule wa porini, kwa kuwa ngozi yake ni nene, huenda mbele moja kwa moja, na macho yake hayaoni mbali. Jina hilo lina maana kuliko walivyodhani waliolitoa, kama tutakavyoona.

Lakini motokaa zile hazikuleta ushindi wa upesi. Tarehe 12 Februari, 1916, Waingereza walikishambulia kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Motokaa za deraya zilikuwapo, na mizinga ilikuwapo, lakini pori lilikuwa zito na mahandaki ya Wajerumani hayakuwa pale walipodhaniwa kuwapo. Shambulio likashindwa. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts aliacha kukipiga kilima kwa mbele, akatuma watu kukizunguka, na Wajerumani wakakiacha wenyewe. Tena akatuma kikosi kingine kutoka Longido, kiuzunguke mlima wa Kilimanjaro kwa upande wa pili, kiwazibie adui njia ya nyuma. Shauri lilikuwa zuri. Ila kikosi kile kilikwenda polepole mno, na kilipofika, von Lettow-Vorbeck alikuwa amekwisha kupita na jeshi lake zima. Vita ikaendelea zaidi ya miaka miwili tena. Kumpiga adui nyuma ni kama kumtegea samaki kwa uzio wakati wa maji kupwa. Ukichelewa kuufunga, maji yamekwisha kutoka na samaki wamekwenda nayo.

Kisha ikaja masika. Mvua za 1916 ziligeuza njia za kwenda Kondoa Irangi kuwa tope, na motokaa, za deraya na zisizo za deraya, zikazama hatta magurudumu yasionekane. Farasi wakafa kwa ndorobo. Ikawa hakuna chombo cha kuchukulia chakula na risasi ila kichwa cha mwanadamu. Hapo ndipo wakatakiwa wapagazi, mamia ya maelfu, na Unguja pia ilitoa watu wake. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa, njaa na uchovu. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam umepata jina lake kwa jeshi hilo la wapagazi. Kila motokaa iliyokwama tope, uzito wake ulihamia mgongoni mwa mtu.

Miaka zaidi ya ishirini ikapita, na vita vikuu vya pili vikaja. Mwezi wa Juni 1940 Italia iliingia vitani. Waitaliani walikuwa wameitwaa Uhabeshi, nchi iitwayo leo Ethiopia, na pwani ya Wasomali ilikuwa yao tangu zamani. Kwa hiyo mpaka wao na Kenya ulikuwa mrefu sana, na katika siku za mwanzo walivuka wakatwaa sehemu ndogo za upande wa kaskazini. Kati ya majeshi mawili palikuwa na nchi kavu ya miiba na mchanga, yenye visima vichache vilivyo mbalimbali. Mwenye kisima ndiye mwenye nchi.

Kati ya Wajir na Mandera, mpakani hasa, pana mahali paitwapo El Wak. Katika lugha ya Kisomali neno la kwanza maana yake ni kisima, na la pili ni jina la Mungu kwa lugha ya kale ya watu wa pande zile. Wafugaji waliwapeleka ngamia wao hapo kunywa maji tangu zamani. Waitaliani wakaweka hapo bataliani ya askari wao wa Kiafrika pamoja na vikosi vya wenyeji, na mahandaki, na mizinga.

Jemadari wa majeshi ya Kenya alikuwa Jenerali Cunningham. Aliamriwa na mkubwa wake aliye Misri awasumbue Waitaliani mpakani kwa vikosi vyepesi, na kuingia ndani hasa kungojee mwaka uliofuata, baada ya masika. Yeye akaona ni kheri kwanza kujua mambo mawili. La kwanza, je, askari wake, ambao wengi hawajaona vita, watastahimili? La pili, je, Waitaliani wana moyo wa kupigana? Mambo hayo hayajulikani kwa kutazama ramani. Akachagua El Wak.

Waliotumwa ni brigedi ya 24 ya Pwani ya Dhahabu, yaani nchi iitwayo leo Ghana, na brigedi ya kwanza ya Afrika Kusini, pamoja na mizinga, ndege, motokaa za deraya na vifaru vyepesi. Motokaa za deraya za Afrika Kusini zilikuwa za namna iitwayo Marmon-Herrington, zilizoundwa huko huko juu ya gari la Ford. Unene wa chuma chake ulikuwa yapata milimita 12, yaani upana wa kidole. Chuma kama hicho huzuia risasi ya bunduki. Hakizuii kombora la mzinga.

Fikirini kazi iliyotangulia mapigano. Mamia ya malori yalipita nchi isiyo na barabara. Kila mtu na kila mtambo vilitaka maji, na maji yote yalichukuliwa. Kila galoni ya petroli ya kwendea ilitaka galoni nyingine ya kurudia. Madereva waliendesha usiku bila taa, mmoja akifuata vumbi la mwenziwe. Miiba ilitoboa mipira, na mafundi wakaitengeneza gizani. Mtu akisema kwamba El Wak palipigwa na vifaru amesema nusu ya kweli. Nusu ya pili ni madereva, mafundi, wapishi na wachukuzi wa maji.

Asubuhi ya tarehe 16 Desemba, 1940, mashambulio yaliangukia vituo vya El Wak pamoja. Vifaru na motokaa za deraya zilitangulia, na askari wa miguu wakafuata. Waitaliani hawakutazamia nguvu kubwa kama ile itokee katika jangwa tupu. Askari wao wengi walikimbilia porini, wengine wakashikwa, na mizinga yao na bendera ya bataliani yao ikatwaliwa. Waliokufa upande wa Waingereza walikuwa wachache mno. Kisha, na hili ndilo la kuangaliwa, washindi hawakukaa. Waliharibu vitu vya vita walivyovikuta, wakageuza motokaa zao, wakarudi Kenya.

Mtu asiyejua angeweza kucheka, akasema, mbona wameshinda kisha wakaondoka? Lakini Cunningham alikuwa amepata alichokitaka. Askari wake wamejaribiwa na wamefaulu. Moyo wa adui umeonekana. Upande wa Waitaliani khofu iliingia hatta kwa wakubwa. Jemadari wao wa pande za Wasomali, Jenerali Pesenti, aliondolewa, na Jenerali De Simone akawekwa mahali pake. Kwa sababu hiyo shauri la kungoja baada ya masika likaachwa, na safari ikaletwa mbele hatta Februari 1941.

Safari hiyo ilianza tarehe 11 Februari. Tarehe 14 Kismayu ikaingiwa bila mapigano. Mbele yao ukawa mto Juba, na Waitaliani wamejipanga ng'ambo. Mto ulipovukwa, brigedi ya 22 ya Afrika ya Mashariki, ambayo ndani yake mlikuwa na askari wa KAR wa Tanganyika, Kenya na Nyasaland, ilizunguka katika pori, ikaikata barabara ya Mogadishu nyuma ya mji wa Jelib. Adui aliyekuwa akitazama mto akasikia kwamba barabara ya nyuma yake imekwisha kushikwa. Jelib ukaanguka tarehe 22. Siku tatu baadaye, tarehe 25 Februari, brigedi ya Nigeria ndani ya malori, ikitanguliwa na motokaa za deraya, iliingia Mogadishu. Huko ilikuta mamia ya maelfu ya galoni za petroli ambazo Waitaliani hawakuwahi kuzichoma moto. Petroli hiyo ndiyo iliyosaidia kulipeleka jeshi mbele. Tarehe 6 Aprili, 1941 likaingia Addis Ababa. Zaidi ya maili 1,600 zilikwishwa kwa siku zisizofika 60.

Tazameni basi jinsi jambo dogo lilivyozaa jambo kubwa. El Wak hapakutwaliwa siku ile hatta shubiri moja ya ardhi ikawekwa. Lakini kilichopatikana pale, yaani yakini, ndicho kilichofungua njia ndefu yote ile.

Hatta hivyo msidhani kwamba chuma ndicho kishindacho. Tarehe 19 Mei, 1941, katika nchi ya maziwa kusini ya Addis Ababa, askari wa bataliani ya kwanza ya KAR ya sita, yaani ya Tanganyika, walikuwa wamevuka mto mahali paitwapo Colito, nao hawakuwa na silaha za kuvunjia vifaru. Vifaru vya Kiitaliani vikawatokea ghafula kutoka vichakani. Sajini Nigel Leakey, mtu wa Kenya, alirukia juu ya kimoja kwa nyuma, akafungua mlango wake wa juu kwa nguvu, akawapiga waliokuwamo kwa bastola, isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha akiendeshe kifaru mahali pa kujificha. Kisha akaenda kurukia kingine, na huko akauawa. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa kwake. Mafunzo ni haya: kifaru kisipokuwa na watu wa miguu kando yake ni kipofu. Kinaona mbele kwa tundu jembamba, na nyuma hakioni. Ndiyo maana nikasema jina lake lina maana kubwa.

Na wakati nchi zetu zilipokwisha kujitawala, kanuni ile ile ilionekana tena. Mwaka wa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Tanzania, ambayo Unguja na Pemba ni sehemu yake, ikaingia vitani. Mwezi wa Machi 1979 jeshi la Tanzania lilikuwa limekwisha kupita Masaka, likifuata barabara ya Kampala katika mabwawa ya Lukaya. Tarehe 10 Machi likakutana na msafara wa Walibya na Waganda waliokuja na vifaru vya T-55, magari ya deraya, na mizinga ya makombora iitwayo Katyusha. Makombora yalipita juu, lakini mshindo wake uliwatia askari wengi khofu, na brigedi ya 201 ikarudi nyuma. Usiku ule msafara ule wa chuma ulikuwa na bahati mkononi, lakini haukuendelea mbele.

Brigedi nyingine, ya 208, ilikuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi. Ikaamriwa iende upesi iikamate barabara ya Kampala nyuma ya adui. Ikatembea usiku kucha. Alfajiri ya tarehe 11 Machi ikatokea mgongoni mwa Walibya, wakati brigedi ya 201, iliyokwisha kupangwa upya, ikipiga kutoka mbele. Walibya na Waganda wakavunjika, wakaacha mamia ya maiti na vyombo vingi. Mwezi uliofuata Entebbe na Kampala zikatwaliwa. Hapo wenye chuma ndio waliopigwa nyuma, na waliowapiga walikuja kwa miguu yao, kama wale waliokwenda relini mwaka wa 1915.

Sasa tukiyakusanya haya yote tunapata nini? Kwanza, kwamba deraya ni ganda tu. Ganda la kobe humkinga, lakini halimfundishi njia. Kilicholeta faida El Wak na Lukaya ni kujua adui yu wapi, kufika kwa wakati wake, na kupiga pamoja. Palipokosekana moja katika hayo, kama Salaita au kama kikosi cha Longido, chuma na wingi wa watu havikufaa kitu.

Pili, kwamba shambulio la ghafula halishiki nchi. Hutisha, huvunja, hufunza, kisha huondoka. Mwenye kudhani kwamba akimshtua jirani yake usiku mmoja basi amekwisha kumshinda, na aikumbuke Königsberg mtoni Rufiji. Mizinga yake iliondolewa melini, ikakokotwa bara ikapigane kwa nchi kavu. Mizinga ya Pegasus nayo ilitolewa baharini, ikapelekwa vitani huko huko bara. Mwisho wake, mzinga mmoja wa kila meli umewekwa katika Ngome ya Mombasa, jirani kwa jirani. Watoto huipanda na kuishika, na hawajui upi ulikuwa wa nani.

Tatu, na hili msilisahau, kwamba gharama ya haraka hulipwa na mtu mwingine. Jemadari akisema, twendeni maili mia kwa siku moja, yuko mpagazi atakayechukua, dereva asiyelala, na mfugaji atakayekikuta kisima chake kimezungukwa na seng'enge na ngamia wake wakilia kiu. Majina ya majemadari yameandikwa. Majina ya wengi katika hao wengine hayakuandikwa, na makaburi yao hayajulikani. Kidole kimoja hakivunji chawa, na vidole vingine havina budi kukumbukwa.

Basi siku utakapopanda chombo kutoka Malindi ukapita karibu na Chapwani, itazame miti yake na ukumbuke wale waliolala pale. Kisha uwakumbuke na watu wa Unguja waliovuka bahari hii hii kwenda kuchukua mizigo ya vita isiyokuwa yao, wasirudi. Haya ndiyo niliyokusudia kuwaeleza leo.